Ule Mchezo wa Rula Haukuwa Mchezo

Editha mwanangu,

Bodaboda imekuchukua sasa hivi kwenda Mkunya kumuaga mama mkubwa. Nimepiga hesabu zangu: nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, na katikati lazima ulishwe viazi vya porini, ming'oko, mpaka uombe msamaha. Kwa hiyo alasiri hii ni yangu. Nimekaa mezani, dirisha wazi, na baba yako yupo uani anafunga kiroba cha korosho utakachokwenda nacho chuoni kesho. Anakifunga, anakifungua, anakifunga tena. Akiwa na jambo moyoni anafunga vitu.

Mambo ya kula vizuri, kutowasikiliza matapeli wa kwenye simu na kuvaa nguo za heshima, hayo atakuambia yeye kesho njiani mpaka Masasi, na atayarudia, unamjua. Mimi nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miaka kumi na moja.

Utaona mwandiko wangu ulivyo. Herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, zinapanda na kuteremka. Usinihurumie. Natumia ile kalamu uliyoizungushia mpira ili isiniponyoke, na inanisaidia sana. Baba yako nimemwambia naandika kwa sababu ulimi umekuwa mzito, maneno yananishikana, na mazungumzo marefu yananichosha. Ni kweli. Lakini sababu hasa ni woga. Haya, nimeshalisema.

Unazikumbuka Jumamosi zetu za barazani? Ulikuwa na miaka minane. Ukishamaliza uji unakuja mbio na rula ya mbao, ile niliyoiazima maabara ya shule na sijairudisha mpaka leo, Mungu anisamehe. Unaweka mkono ukingoni mwa meza, kidole gumba na cha shahada vimeachana. Mimi nashika rula kwa juu, naangalia pembeni kama mtu asiye na habari, halafu naiachia. Unaidaka. Tunasoma namba.

"Kumi na nane!"

"Tena, mama! Hiyo sikuwa tayari."

"Hakuna kuwa tayari. Rula haipigi hodi."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Baadaye nachora mstari wa chaki sakafuni, unaufuata kisigino mbele ya vidole, mikono umeitanua. Kisha unagusa pua yako, unagusa kidole changu, pua, kidole, haraka, haraka zaidi. Baba yako akipita na jembe begani anasema, "Wamakonde bwana! Wenzenu tunalima, nyinyi mnaangusha rula." Yeye Mmakua wa Masasi, alikuwa mtani wangu kabla hajawa mume wangu, na ndoa haikuua utani. Nami namjibu kwamba Mmakua akiangushiwa rula ataidaka kesho kutwa.

Nilizipenda Jumamosi zile kuliko kitu chochote nilichowahi kupima maishani. Naomba uliamini hilo kabla hujaendelea kusoma, maana nina ya kukueleza, na siwezi kuyaeleza bila kuanzia kwa bibi yako.

Bibi yako hukumkuta. Tulikaa kijiji cha ukingoni, pale ambapo nchi ya juu inaisha na bonde linaanza. Maji yalikuwa chini bondeni. Wanawake waliteremka alfajiri, wakapanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshawaka. Wewe umekua na tangi la maji ya mvua nyuma ya nyumba, huwezi kujua ndoo moja ilikuwa nini. Mama yangu alikuwa hodari wa njia ile. Alipanda akiimba, na ndoo haishikwi mkono. Nilikuwa nikimfuata nyuma na kandoo kangu, naangalia visigino vyake, nakanyaga pale alipokanyaga yeye.

Nilipokuwa na miaka kumi na mbili akaanza kuyumba. Kwanza kidogo, kama mtu aliyekanyaga kijiwe. Halafu siku moja ndoo ikaanguka, akiwa amebakiza hatua chache kufika juu. Wanawake wote wakasimama kuyatazama maji yale yakiingia mchangani. Wiki iliyofuata ikaanguka tena.

Ulikuwa msimu wa korosho. Nawe unajua msimu wa korosho una nini: mabibo yamejaa chini ya kila mkorosho, na palipo na mabibo pana pombe ya uraka. Mtu akiyumba mwezi wa kumi na moja huku kwetu hakuna anayeuliza kwa nini. Watu wakaanza kumchekea. Watoto wenzangu wakawa wanatembea nyuma yangu wakipepesuka na kuimba. Nilimchukia mama yangu, Editha. Naliandika lilivyo. Nilimpenda na nikamchukia, yote mawili, siku hiyohiyo.

Basi wakaja wazee wa kanisa, watatu. Mama alikuwa jikoni. Mimi nilikuwa nje napepeta mbaazi. Walinipenda wazee wale, kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani na nilisoma somo la Jumapili bila kugugumiza. Mmoja akachuchumaa akaniuliza kwa upole kabisa, "Binti, wewe husemi uongo. Mama yako anakunywa?"

Nikawaza. Naapa niliwaza, sikuropoka. Nilikuwa nimemwona anayumba. Nilikuwa nimeliona dumu la uraka nyuma ya mlango wa jikoni. Nikaviunganisha viwili.

"Ndiyo," nikasema. "Nimemwona."

Dumu lile lilikuwa la mjomba wangu. Aliliweka pale kwa ajili ya vibarua wake wa kuokota korosho, na mimi nilijua ni lake. Lakini nilipoulizwa nilikuwa nimeshapata jibu linalokaa vizuri, na jibu linalokaa vizuri ni tamu. Ndilo jaribio langu la kwanza la kisayansi, mwanangu. Nililifanya nikiwa na ungo mapajani.

Mama akatengwa na meza ya Bwana. Akawa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na wenzake wakienda mbele yeye anabaki. Mjomba alitaka kwenda kusema dumu ni lake, mama akamzuia. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Mwache mtoto. Amesema alichokiona." Ukisimama wewe useme dumu ni lako, alimwambia, watamwita mtoto mwongo, na hapa kijijini ataitwa hivyo mpaka azeeke. Hakuwahi kunigombeza. Hata jicho baya hakunitupia. Laiti angenipiga! Alikufa miaka sita baadaye, miguu imekwisha, ulimi umekwisha, na kengele ya kanisa haikupigwa. Mimi nilikuwa kidato cha tano, nimekuja na sare ya shule, na nilipomtupia udongo bado niliamini pombe ndiyo iliyomuua.

Ndiyo maana nakucheka na kukuogopa ukisema unakwenda kusomea sheria. Nimezaa mtoto nyumba imejaa sumaku na nyaya, mtoto anataka sheria! Lakini siku moja mbele yako atasimama shahidi, moyo mweupe, hana uongo hata punje. Mwulize dumu ni la nani.

Nikaenda zangu chuo kikuu. Fizikia, wasichana wawili darasa zima, na mwenzangu akahamia uhasibu mwaka wa pili. Niliipenda fizikia kwa sababu haikuwa na ukoo wala kijiji. Ulipofika miaka mitano nikakuacha kwa baba yako nikarudi kusoma shahada ya pili, kupima jua. Nilikaa juu ya paa la jengo na vyombo vyangu, kofia ya ukindu kichwani, naandika kila baada ya dakika kumi jua limeshusha nishati kiasi gani. Jioni nakupigia simu, unaniuliza, "Mama, leo jua lilikuwa ngapi?" Nakutajia namba, unawatangazia nyumba nzima. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Ngozi iliniungua, nilikula chipsi kavu miezi kumi na minne, na nilikuwa na furaha.

Mwalimu wangu akanitafutia nafasi ya kuendelea, ya udaktari wa falsafa. Unajua niliikataa. Na unajua sababu, kwa sababu niliwaambia watu wote: siwezi kumwacha mtoto tena. Miaka michache iliyopita nilikusikia barazani unamweleza rafiki yako, "Mama angekuwa dokta, akaacha kwa ajili yangu." Ulilisema kwa fahari, lakini na huzuni nayo ilikuwemo. Nilikuwa dirishani hapahapa. Nikaacha uamini hivyo.

Hukunizuia wewe. Ilikuwa mikono. Ile miezi ya mwisho juu ya paa nilikuwa nashindwa kuingiza waya kwenye tundu lake. Nalenga, mkono unapita pembeni. Nalenga tena, unapita pembeni. Nikajiambia uchovu. Nikarudi Newala kufundisha, na kwa muda nikasahau, maana kufundisha kulinifaa. Madam Fizikia! Nikipita sokoni wauza nyanya wananiita hivyo. Halafu mistari yangu ubaoni ikaanza kupinda. Mimi, niliyekuwa nachora duara kwa mkono mtupu darasa likapiga makofi.

Mkuu wa shule wa wakati ule akaniita ofisini, akafunga mlango mwenyewe. Alikuwa mtu mstaarabu, na alihangaika kuanza.

"Madam, mimi harufu sijaisikia. Nasema kweli. Lakini watoto wanasema."

"Wanasema nini?"

Akatazama kalenda ukutani. "Wamekupa jina. Madam Mabibo."

Editha, nilicheka. Nilicheka mpaka akainuka kunifungulia dirisha. Halafu kile kicheko kikageuka katikati, nikalia pale ofisini kilio cha msibani, kwa sauti, mpaka makarani wakaja mlangoni. Yule mtu alidhani nalilia jina. Mimi nilikuwa nimemwona mama yangu kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Miaka ishirini na tatu nilikuwa na takwimu zote mkononi, sikuzisoma.

Baba yako akanipeleka hospitali ya misheni, nao wakanipeleka Dar es Salaam. Ugonjwa una jina refu, baba yako analitamka vizuri kuliko mimi. Ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayopanga mwendo inasinyaa kidogokidogo. Hautibiki. Haukimbii pia, ndiyo maana bado nipo nakusumbua. Hayo yote unayajua, umenishika mkono chooni na hukuwahi kukunja uso. Usilolijua ni hili, na sasa naliandika kabla mkono haujachoka.

Unarithiwa. Mzazi akiwa nao, kila mtoto anayezaliwa ana uwezekano wa nusu kuupata na nusu kuukosa. Umezaliwa peke yako, basi nusu hiyo ni yako peke yako. Mimi niliupata kwa bibi yako. Wewe hatujui.

Sasa urudi kwenye Jumamosi zetu.

Tulipotoka Dar es Salaam na jibu lile, wiki iliyofuata nikachukua rula maabara. Haukuwa mchezo. Nilikuwa nakupima. Mstari wa chaki, pua na kidole, vyote ndivyo wanavyopima madaktari, niliviona nikipimwa mimi nikavileta nyumbani. Ulipokwenda kucheza niliandika namba kwenye daftari. Miaka mitano ya namba, Editha. Nilikuwa nacheka nawe na huku nahesabu.

Na kuna Jumamosi moja, ulikuwa na miaka kumi na mitatu, rula ikakupita mara tatu mfululizo ikaanguka sakafuni. Ukacheka, "Leo nimechoka, mama." Mimi nilikwenda nyuma ya tangi nikaandika sifuri tatu kwenye daftari. Wiki ile ulikuwa uende Masasi na timu ya netiboli. Nikakukatalia. Ulinibembeleza, ukamleta baba yako, ukamleta mwalimu wa michezo. Nikasema ng'o. Ukaniuliza, "Nimekosa nini?" Nikakujibu kwamba mtoto hamuulizi mama yake hivyo. Ulilia siku mbili, na ukaacha netiboli kabisa, na mimi nikafurahi, Mungu wangu, nikafurahi kwa sababu usipokimbia hutaanguka mbele ya watu.

Timu ilipokwisha kurudi nikaambiwa kwamba Jumamosi ile ulikuwa umetwanga mihogo ya sherehe ya jirani tangu alfajiri. Mikono ilikuwa imechoka. Ndiyo hivyo tu. Ulisema mwenyewe umechoka na mimi sikukusikia, nilikuwa nimeshapata jibu linalokaa vizuri. Mara ya pili maishani! Tena safari hii nina digrii mbili.

Nikaacha mchezo. Uliniuliza kwa nini, nikakuambia umekua mkubwa. Daftari nikalichoma kwenye jiko la mkaa. Usije ukalitafuta, wala usidhani lilikuwa na siri ndani yake. Rula haiwezi kusema. Ugonjwa huu unaweza kukaa kimya mpaka mtu ana miaka thelathini na kitu. Sikuona dalili yoyote kwako, na hiyo haina maana yoyote, na usimruhusu mtu, hata mimi, akudanganye kuwa ina maana.

Kipo kipimo cha kweli. Ni cha damu. Madaktari wale wa Dar es Salaam watakueleza njia yake, jina la daktari wangu baba yako analo. Hawampimi mtoto, wanasubiri mtu awe mkubwa aamue mwenyewe. Umekuwa mkubwa. Unaweza kwenda mwaka huu, au ukiwa unataka kuzaa, au usiende kabisa. Mimi maisha yangu yote nimeamini kujua ni bora kuliko kutojua. Ndiyo imani niliyokuwa nayo badala ya nyingine. Lakini nikijiuliza kama ningependa kujua nikiwa na miaka kumi na tisa, kabla ya lile paa na zile namba za jua ulizokuwa unazitangaza, sina jibu. Basi sikupi ushauri. Nakupa habari, iliyochelewa, na najua ina uzito gani.

Kukasirika kasirika. Una haki. Ukitaka kukaa mwezi bila kunipigia, kaa, ila mpigie baba yako. Lakini usiache kwenda. Najua ulivyo, utaniambia utabaki unishike mkono. Mimi nimeshashikwa vya kutosha. Nenda ukabishane na majaji.

Sasa nikwambie nilichokuwa nimepanga. Nilipanga barua hii niikunje niiweke chini kabisa ya begi lako, ndani ya lile gauni la kitenge usilolipenda, ili uikute baada ya wiki mbili, tatu, ukiwa mbali. Nilimweleza baba yako mchana. Kila Jumapili kwa miaka kumi na moja ameniuliza, "Umemwambia?" na kila Jumapili nimesema bado. Leo hakuuliza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kamba ya kiroba mkononi.

"Mama Editha," akasema, "barua ni ya mtu aliye mbali. Huyu jioni atakuwa hapo uani anakula."

"Ulimi wangu hautafika mwisho wa habari."

"Atasubiri. Ana subira huyo, si Mmakonde mtupu, ana na Umakua ndani yake."

Utani wakati kama huo! Nilitaka kumtupia kikombe. Lakini alikuwa analia, na alipoondoka nilibaki namfikiria mama yangu, alivyokuwa jikoni akipuliza moto, na mimi nje namsemea kwa watu hatua kumi kutoka alipo. Kama ningeingia nikamuuliza yeye, "Mama, kwa nini unayumba?" angeniambia nini? Pengine angesema sijui, mwanangu, naogopa. Tungeogopa wawili.

Bodaboda imerudi. Nakusikia langoni unamwamkia jirani, na baba yako anakuuliza umeshiba. Mkono umechoka, na sitakunja karatasi hizi. Nakuita sasa hivi. Keti hapa kwenye kiti cha mbele yangu, usome taratibu, mimi sitaongea. Ukifika kwenye mstari huu nyanyua uso, nipo mbele yako, niulize.